Muganga aliyeandika kila mgonjwa: maisha ya Albert Cook wa Mengo

Sisi tunaowaandikia leo ni watu wa sendika ya wachimbaji. Wengi kati yetu tumezaliwa Bijombo, kwenye Haut Plateau ya Uvira, kisha tukatelemka kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Fizi. Mtu anaweza kuuliza watu wa chepe na nyundo wanaingiliaje mambo ya waganga. Jibu ni fupi. Huko kwetu mgonjwa akizidiwa, vijana wanaoitwa kumbeba ni sisi. Tunafunga tipoyi kwa miti miwili na blanketi, tunabadilishana mabega, tunatelemka mlima paka Uvira. Na mbele ya kuondoka kuna neno moja gumu ambalo muganga wa kituo lazima alikate. Huyu atapona hapa hapa, ao ashuke? Na akishuka, atafika?

Siku moja tulibeba mama mmoja aliyeshindwa kuzaa. Hatutataja jina lake wala kituo. Alitufia njiani, mbele ya kufika bondeni. Nyuma yake mmoja wetu alikwenda kutazama rejista. Kwenye kituo walikuwa wameandika kwamba ametumwa lopitali. Kwenye lopitali hakuna kitu kiliandikwa, juu hakufika. Rapore ya mwezi ilipofungwa, yule mama hakuhesabiwa kati ya wafu fasi yoyote. Kituo kilikuwa na mwezi mzuri, lopitali pia.

Sisi tunajua hesabu ya namna hiyo. Kwenye machimbo wanahesabu mtu aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo. Yule aliyerudi nyumbani na kikohozi cha vumbi, akafa baada ya miaka miwili kwenye kitanda cha mama yake, hakuna anayemuandika. Basi tukatafuta kujua kama kuna mtu, hapa kwenye maziwa yetu, aliyeshughulika sana na kitabu cha wagonjwa, na tuone kitabu hicho kilimfundisha nini na kilimkosesha wapi. Tulimpata jirani, Uganda. Jina lake Albert Ruskin Cook.

Alizaliwa mwaka 1870 Hampstead, London. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga kwenye lopitali ya zamani sana ya London, ile ya St Bartholomew. Angeweza kukaa huko na kufungua kabine yake kama wengine. Lakini mwaka 1896 alijiandikisha kwa wamisionari wa Kanisa la Anglikana, wakamtuma Uganda.

Alifika Mombasa kwa mashua kubwa. Njia ya reli ilikuwa ndiyo imeanza tu kujengwa, basi yeye na wenzake walitembea kwa miguu zaidi ya kilometa 1,000. Safari ilichukua karibu miezi mitatu. Mizigo yote, na chupa za dawa, ilikuwa kwenye vichwa na mabega ya wapagazi. Sisi watu wa tipoyi tunawakumbuka hao, juu hakuna anayeandika majina yao. Katika kundi hilo kulikuwa pia mwanamke mmoja, Katharine Timpson, mwenye kazi ya kutunza wagonjwa. Mwaka 1900 yeye na Cook walioana.

Mwezi wa pili wa mwaka 1897 walifika Mengo, kwenye makao ya Kabaka wa Buganda, ambayo leo ni ndani ya mji wa Kampala. Walianza kupokea wagonjwa siku zile zile. Nyumba ya kwanza ya wagonjwa ilikuwa ya matete na nyasi, na vitanda vichache. Mwaka huo huo askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza waliasi, vita vikawaka upande wa Busoga, na Cook akaenda kutunza waliojeruhiwa. Alikuwa na miaka 27. Mara nyingi hakukuwa na muganga mwingine wa kumuuliza.

Ndipo alipoanza kazi ambayo imefanya tumtaje hapa. Kwa kila mgonjwa aliyelazwa, Cook aliandika. Aliandika jina lake na fasi alipotoka, ugonjwa ulianza lini, yeye mwenyewe alikuta nini alipompima, alimfanyia nini, na mwisho mgonjwa alitoka vipi. Alipona, alipata nafuu, alibaki vile vile, ao alikufa. Wakati mwingine alichora picha ya donda ao uvimbe kwa mkono wake. Karatasi hizo zilifungwa pamoja mwaka kwa mwaka.

Mtu ataona ni kazi ya karani. Lakini fikirini muganga aliye peke yake mlimani. Leo amepokea mtoto mwenye homa na tumbo gumu. Hajui itakuwaje. Kama mwaka jana alipokea watoto 10 wa namna hiyo na aliandika paka mwisho, anaweza kurudi nyuma, kufungua karatasi, na kuona ni wangapi walipona kwa dawa ile, na wale waliokufa walikuwa na alama gani siku ya kwanza. Hapo anaweza kumwambia baba wa mtoto kama wangoje ao waondoke usiku huu huu. Kubashiri kwa muganga ndiko huko, haiko uchawi. Kama aliandika tu jina na dawa, bila kuandika mwisho, kitabu hakimsaidii kitu.

Mwaka ule wa kwanza, 1897, Cook aliandika juu ya madonda fulani ya ngozi yanayokula nyama polepole. Hakujua yanatoka wapi. Zaidi ya miaka 60 ilipita. Waganga wengine walipokuta wagonjwa wengi wa madonda hayo karibu na mto Nile, fasi inayoitwa Buruli, ugonjwa ukapewa jina hilo ambalo dunia nzima inalitumia leo. Hapo ndipo watu walisoma tena karatasi za Mengo, wakaona kuwa yalikwisha andikwa.

Mwaka 1901 kulikuja jambo kubwa zaidi. Albert na ndugu yake Jack, ambaye naye alikuwa muganga na alimfuata Mengo, waliona wagonjwa wenye kusinzia, wanaokonda, wanaopoteza akili, kisha wanakufa. Walitambua ni ugonjwa wa malale, uliojulikana zamani upande wa magharibi wa Afrika na kwenye mto Kongo, lakini haukuwa umeonekana kwao. Wakapiga kengele. Mwaka 1902 wataalamu walitumwa kutoka London, na mwaka 1903 ikajulikana wazi kuwa inzi anayeitwa mbung'o ndiye anayeeneza. Kwa watu wengi ilikuwa imechelewa. Kwenye mwambao na visiwa vya ziwa Victoria, sana sana Busoga, wanakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Malale hayakuishia huko, yalifika hata kwenye mwambao wa ziwa letu Tanganyika.

Tuangalie vizuri hapo. Cook hakuwa na dawa ya malale. Ugonjwa huo usipotibiwa, karibu kila mara unaua. Kitu alichokuwa nacho ni mazoea ya kuandika na kufananisha. Juu ya hayo wagonjwa wachache wa kwanza hawakupita kama homa tu. Kituo kidogo kinaweza kuwa cha kwanza kuona balaa, kabla ya mji mkuu, lakini paka kiwe kinafahamu hali ya kawaida kwake ni ipi.

Mwaka 1902 radi ilipiga lopitali, ikaungua. Wakajenga nyingine ya matofali, iliyofunguliwa mwaka 1904. Karatasi nyingi za wagonjwa ziliokoka, na kazi ya kuandika ikaendelea.

Sasa tuseme na upande wa kosa, juu maisha ya mtu hayaandikwi kwa sifa peke yake.

Karibu na mwaka 1907 na 1908, Cook na wakubwa wa serikali walianza kuamini kuwa sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Kolonel mmoja wa jeshi, Lambkin, alitumwa kuchunguza, akatoa hesabu za kutisha, kwamba kwenye fasi nyingine watu 8 kati ya 10 wana ugonjwa huo. Walibashiri kuwa Baganda wanaweza kumalizika kabisa. Cook naye aliunga mkono, juu kwenye kitabu chake aliona kaswende mara nyingi, na mimba nyingi zilizoharibika. Ikafuata kampeni ya serikali. Watu walilazimishwa kupimwa, wanawake pia, na jambo hilo liliwaudhi wengi. Lopitali ya Mulago, ambayo leo ndiyo kubwa Kampala, ilianza mwaka 1913 ikiwa fasi ya kutibia magonjwa hayo.

Baganda walimalizika? Hapana. Leo wao ndio kabila lenye watu wengi kuliko yote Uganda. Waganga waliokuja nyuma walichunguza tena mambo hayo, na wengi wanaona kuwa sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kaswende ilikuwa buba, ao ugonjwa wa ukoo mmoja na kaswende ambao watoto wanapeana kwa kugusana ngozi, bila uasherati wowote. Alama zinafanana. Jina lililoandikwa halikuwa sahihi, na jina likiwa si sahihi hesabu yote inapotea, hata kama umeandika kwa bidii.

Kulikuwa na kosa la pili, ambalo linatugusa zaidi. Cook alihesabu watu waliofika kwake. Mtu anayepanda kilima cha Mengo kutafuta muganga ni mgonjwa. Yule mzima amebaki kwenye shamba lake la ndizi. Ukihesabu wale wa kwenye benchi la lopitali, kisha ukasema nchi nzima iko hivyo, utaona nchi inakufa. Na ukifanya kinyume, ukahesabu tu wale waliotoka wazima, ukawasahau waliokufa njiani, utaona nchi imepona. Kosa ni moja. Unasahau kuuliza nani hayuko kwenye kitabu.

Hatusemi hayo kwa kumdharau. Kutoka kwenye ile hofu kulitoka kitu kizuri. Cook na bibi Katharine walitaka kuokoa mama na watoto, na kuanzia mwaka 1919 Katharine alisimamia shule ya kufundisha wasichana wa Uganda kazi ya kuzalisha. Cook aliandika kitabu cha kazi hiyo kwa Luganda, lugha ya wanafunzi wenyewe. Wasichana waliofuzu walitumwa kwenye vituo vidogo vya vijijini. Mama alionekana mara nyingi kabla ya kuzaa, akaandikwa, na yule mwenye hatari akajulikana mapema. Faida kubwa ya kubashiri iko hapo. Kama mama wa Bijombo ana kiuno chembamba ao alizaa kwa shida mara ya kwanza, haifai kungoja paka uchungu umshike ndipo tufunge tipoyi. Anafaa atelemke mwenyewe, polepole, wiki mbili mbele, akae karibu na lopitali.

Wakati wa vita vya 1914 Cook alifundisha pia vijana wanaume kazi ya kusaidia waganga. Kuandika, kupima, kufunga vidonda, vingi vilifanywa na mikono ya hao vijana na wasichana. Majina yao hayakwenda mbali kama la Cook, lakini bila wao kitabu kisingejaa.

Aliacha kazi ya Mengo mwaka 1934. Mfalme wa Uingereza alikuwa amempa cheo cha Sir mwaka 1932. Katharine alifariki mwaka 1938. Mzee alibaki Kampala, kwenye kilima cha Makindye, akaandika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1945. Alifariki mwaka 1951, akiwa na miaka 81, katika nchi ambayo alifika kwa miguu miaka 54 mbele ya hapo.

Ila kitabu cha wagonjwa hakikufa naye. Mwaka 1957 muganga mwingine, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye mataya. Kisha akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 aliandika juu ya kansa hiyo ya watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Watu waliuliza kama ugonjwa ni mpya. Walirudi kwenye karatasi za Mengo, wakakuta Cook alikwisha andika na kuchora watoto wenye uvimbe wa namna ile, miaka mingi sana mbele. Mwaka 1964 waganga wa Makerere walitoa hesabu ya kansa kutokana na karatasi za Mengo kutoka mwaka 1897 paka 1956. Wakati ule wazungu wengi waliamini kuwa kansa ni nadra kwa mtu mweusi. Karatasi zilionyesha kuwa kansa haikuwa mgeni.

Burkitt naye alijua kuwa lopitali moja haitoshi. Alituma barua na picha kwenye vituo vingi vya Afrika kuuliza kama wameona uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu, wakazunguka wiki 10 karibu kilometa 16,000, wakitembelea lopitali za vijijini. Mwenzake mmoja, Ted Williams, alitoka Kuluva karibu na Arua, jirani na mpaka wetu wa Ituri. Huko huko West Nile, kuanzia mwaka 1972, walichukua damu ya watoto 42,000, wakaihifadhi, kisha wakangoja kuona nani ataugua. Waliougua walikuwa wachache sana, lakini ilionekana kuwa alama fulani ndani ya damu ilikuwa juu kwa wengi wao kabla ya uvimbe kutokea. Hiyo ni kubashiri kwa kweli. Na haingewezekana kama hakuna mtu wa kufuata wale watoto kijiji kwa kijiji, miaka kwa miaka.

Karatasi za Cook ziko leo Makerere, kwenye nyumba ya vitabu ya waganga iliyopewa jina lake.

Turudi kwetu. Tangu mapigano ya 2018 na 2019 vijiji vingi vya Bijombo vimechomwa, watu wamekimbia, na kuna vituo vya afya vilivyoporwa. Rejista ikiungua, haijengwi tena kama ukuta. Tunajua pia kuwa muganga wa mlimani anafanya kazi ya watu watano, na mshahara wake unachelewa ao haufiki. Hatutaki kumuongezea mzigo kwa maneno matupu. Ila wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaona afya iko vile vile.

Tunaomba mambo matatu. Moja, kwa kila mgonjwa mwisho wake uandikwe, na kama ametumwa Uvira, mstari wake usifungwe paka jibu lirudi. Pili, jibu hilo tunaweza kulileta sisi. Mtu anayebeba tipoyi anarudi mlimani mikono mitupu. Apewe karatasi ya lopitali, aipeleke kituoni. Na kama mgonjwa amekufa njiani, sisi ndio mashahidi. Tuulizwe siku, fasi na saa, viandikwe, hata kama vitaharibu sura ya rapore. Tatu, hesabu ya kila mwezi inakiliwe mara mbili, moja ikae mlimani, moja ishuke bondeni, juu radi na bunduki haziachi kupiga.

Na sisi wa sendika tujiangalie kwanza. Kuanzia mwezi huu, kwenye daftari yetu ya wanachama tumeongeza sehemu moja. Mchimbaji akiacha kazi kwa ugonjwa, hatumfuti. Tunaandika alikokwenda, na kila baada ya miezi mitatu mtu anatumwa kuuliza hali yake. Mtu wa kwanza kuandikwa hapo ni mwenzetu aliyepanda Bijombo na kikohozi chake. Juma lijalo kuna vijana wanapanda na chumvi. Watapita kwake, watatuletea habari, nasi tutaiandika vile itakavyokuwa.